Kasuku Hatungi Maneno

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mtu akikaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza, kabla hata shuka halijafungwa shingoni, alikuwa amekwisha kutazamwa, kupimwa na kubatizwa. Mstaafu wa posta, ambaye utosini pake hapakuwa na cha kunyoa ila alikuja kila Jumamosi, aliitwa Uwanja wa Ndege. Muuza mikate aliitwa Chachu, kwa sababu tumbo lake halikuacha kuumuka. Walikuja kunyolewa, naam, lakini walikuja pia kuitwa. Na kinyozi aliamini, kama mkulima aaminivyo jembe lake, kwamba mteja asiye na jina la utani ni mteja wa kupita.

Chumba cha kunyolea ndicho kilichokuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma ya pazia mkewe alishona, na cherehani yake ilikuwa na tabia ya kunyamaza kila penye neno la kustahili kusikilizwa. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la nne, akirudi shuleni alishika ufagio na kuzoa nywele. Huyo aliitwa Kasuku. Neno likisemwa asubuhi chumbani humo, jioni angelirudia kwa sauti ileile, na kikohozi kilekile cha aliyelisema, hadi mashine izimwe watu wamalize kucheka kwanza. Baba yake hakuona zawadi nyingine aliyojaliwa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Siku moja mchana Kasuku aliingia kimya. Kola ya shati lake la shule ilining'inia kwa nyuzi mbili tatu, na mdomo wa juu ulikuwa umevimba.

"Makubwa!" alisema Chachu kutoka kitini. "Leo Kasuku kanyonyolewa."

Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha Chachu, upande mmoja ukiwa umenyolewa na wa pili bado msitu.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Tumegombana."

"Na nani?"

"Na mwenzangu wa dawati."

Cherehani ikanyamaza. "Yule mpole?" sauti ya mama iliuliza nyuma ya pazia. "Yule uliyekuwa ukimgawia penseli zako?"

Kasuku akaitikia kwa kichwa.

"Kakupiga kwa sababu gani?" baba aliuliza.

Kasuku, ambaye hakupata kukosa jibu tangu alipoota meno, akachukua ufagio na kuanza kufagia mahali palipokuwa safi.

"Shule za siku hizi," alisema Chachu. "Mtoto akipiga mwenzake, anaulizwa anajisikiaje. Enzi zetu fimbo ilikuwa mwalimu msaidizi."

"Kesho naenda," alisema kinyozi. "Huyo mtoto acharazwe mbele yangu, na mbele ya darasa zima. Mwanangu si ngoma, kila mwenye mikono apige."

"Nenda, ndugu yangu, nenda. Ila nimalizie kwanza upande wa pili, nisije nikafika nyumbani nikiwa watu wawili."

Jioni mama alikaa na shati mapajani, akiirudishia kola mahali pake kwa mishono midogo ambayo mtu angeitafuta asiione.

"Umemuuliza yeye alifanya nini?" alimwambia mumewe.

"Aliyepigwa ndiye aulizwe?"

"Nimesema tu, baba watoto. Kola haichaniki hivi hivi. Uzi hukatika pale ulipovutwa."

*

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kiti kimoja chenye mto, naye alikuwa amekikalia. Wazazi waliwekewa benchi lililotolewa darasa la kwanza. Kinyozi, aliyevaa shati lake la harusini ili maneno yake yapate uzito, alilazimika kukunja miguu mpaka magoti yakakaribia kidevu, na kutoka huko chini akatoa hoja yake. Mtoto wake ameraruliwa. Nidhamu imekufa. Anataka fimbo, tena aione kwa macho yake, maana cha kuambiwa hakishibishi.

Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa furaha ya mtu anayeombwa kitu alichonacho tayari. Juu ya kabati, nyuma yake, fimbo ilikuwa imelala ikiwa na vumbi kidogo.

"Tutalimaliza leo hii, mzee. Mwalimu wa darasa analeta upande wa pili."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwalimu wa darasa la nne, mwanamke mtaratibu ambaye hata alipofunga mlango aliufunga mpaka kitasa kikalia. Nyuma yake alikuja mtoto wa kike mwembamba mwenye soksi ndefu, na nyuma ya mtoto, mtu mpana wa mabega, mikono imejaa vidoa vya cheche. Kinyozi alipomwona mtu huyo, hasira yote ilimtoka usoni, akasimama kumkumbatia. Alikuwa mteja wake wa miaka, mchomeleaji wa vyuma, aliyepotea ghafla bila kuaga.

"Aaah! Pikipiki ya Asubuhi!" alipaza sauti, mikono wazi. "Umetutupa, bwana! Hebu piga kiki tukusikie!"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mwembamba alirudisha miguu yake nyuma upesi, kama mtu anavyorudisha mkono kutoka kwenye moto, akajibanza ubavuni mwa baba yake.

"Samahani, baba," alisema mwalimu wa darasa. "Umesemaje?"

"Nimemsalimu rafiki yangu. Ndilo jina lake pale kwangu."

"Na hiyo kiki?"

"Utani tu, mwalimu. Huyu bwana akianza neno, hukwama kidogo. Kama pikipiki iliyolala nje kwenye baridi, si unajua? Basi tunamwambia apige kiki, itawaka. Hata mwenyewe hucheka." Akamgeukia mchomeleaji ampe ushahidi. Mchomeleaji alikuwa akitazama mikono yake.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini kama angependa kuonyesha alichomwonyesha yeye jana. Mtoto akafikiri, kisha akashusha soksi. Toka magotini mpaka kwenye vifundo miguu yake ilikuwa na michubuko, mingine mibichi, mingine imeanza kugeuka manjano.

"Akisimama kusoma akakwama, wanaimba, 'Piga kiki, itawaka,'" alisema mwalimu. "Mwanzo walipiga dawati. Halafu wakaingia chini ya dawati. Mtoto wa darasa la nne haoni tofauti kati ya kiki ya kuwashia pikipiki na teke la kumpiga mtu. Nami nilichelewa, nilidhani ni wimbo wa mchezo wao. Jana alikwama tena, na aliyeanzisha wimbo alikuwa mwenzake wa dawati. Ndipo huyu akamkwida kola."

Kinyozi aliketi. Benchi lilikuwa chini kuliko alivyolikumbuka.

"Basi shauri limekuwa jepesi," alisema mwalimu mkuu, akinyoosha mkono juu ya kabati. "Mzee ametaka fimbo, na fimbo ipo. Itageuka mwelekeo tu. Nimwite binti yako?"

Kinyozi alitaka kusema neno. Yule aliyekuwa na jina kwa kila kichwa hakuwa hata na silabi kwa ajili ya mwanawe mwenyewe.

"Ha…" alianza mchomeleaji. Shingo ilimkaza, macho akayafumba. "Ha…"

"Hapana?" alidakia kinyozi, kwa kumsaidia.

Mwalimu wa darasa akainua kiganja. "Subiri nukta, baba."

"Nini?"

"Darasani kwangu tumeanza utaratibu mpya. Mtu akisema hamaliziwi. Akifika mwisho wa lake, huweka kidole mezani. Hiyo ndiyo nukta yake; kabla ya hapo, zamu bado ni yake."

Wakasubiri. Mwalimu mkuu alichezea kalamu, akaiacha.

"Hapana," alisema mchomeleaji hatimaye. "Sitaki apigwe. Akipigwa huyo… wangu ndiye atakayelipa… uwanjani, wakati wa mapumziko. Mimi nampeleka… kwa shangazi yake. Asome huko. Jumamosi." Akaegemea mbele, akaweka kidole kinene chenye makovu juu ya meza ya mwalimu mkuu.

Machozi yalimteremka mtoto bila sauti, na kwa jinsi alivyolishika shati la baba yake ilionekana wazi kwamba safari hiyo ilikuwa imepangwa na wakubwa.

"Nakuomba unipe mpaka Jumamosi hiyohiyo," mwalimu alimwambia mchomeleaji. Kisha kwa kinyozi: "Nawe, baba, nakuomba darasani kesho asubuhi."

"Mimi? Nije kufundisha nini?"

"Uje ueleze jina lilikotoka. Nikilifuta mimi litarudi, kwa sababu watoto wanajua lina mwenyewe."

*

Alipofika nyumbani wateja wawili walikuwa wakimngoja. Aliwaambia mashine imeharibika. Akaingia nyuma ya pazia, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akamweleza mkewe kila kitu, hata ile sehemu ya mikono wazi na "piga kiki tukusikie."

Mkewe aliachia kanyagio la cherehani.

"Ulimwita hivyo mbele ya mtoto wake?"

"Nilifurahi kumwona."

"Ndiyo balaa yenyewe. Ungekuwa na ubaya angejua pa kukupiga."

"Lakini huyu binti yetu, mke wangu, kapata wapi moyo wa kumwimbia mwenzake? Hatukumlea hivyo."

"Kasuku hatungi maneno, baba watoto," alisema mkewe. "Kasuku husikia."

Kasuku alipoitwa alikuja na ufagio mkononi. Baba yake hakuuliza kwa ukali; hakuwa na ukali uliosalia.

"Ulijua wanampiga mateke?"

"Nilijua wanapiga dawati." Aliinamisha kichwa. "Halafu nikajua."

"Na bado ukaimba."

"Kila nikiimba walicheka, baba. Kama hapa. Wewe ulisema piga kiki, na watu wote wakacheka. Hata baba yake alicheka, nilimwona." Akauzungusha ufagio mkononi. "Nilidhani na yeye atacheka. Sasa hanisemeshi. Na nimesikia anahama."

Kinyozi aliirudisha siku ile akilini. Ni kweli mtu yule alicheka. Alicheka kwa mdomo, shuka jeupe limemfunika mpaka shingoni kama mtu aliyefungwa, wembe uko sikioni pake. Angefanya nini kingine? Baadaye kinyozi alisikia kwamba mchomeleaji amejinunulia mashine yake mwenyewe ya kunyolea, akamwita bahili, na wateja wakacheka tena.

"Kesho tutakwenda wote wawili," alisema. "Mimi nitasema langu, nawe utasema lako."

"Na wakinicheka?"

Kinyozi alimtazama mkewe, mkewe akaitazama sindano.

"Basi tutachekwa," alisema kinyozi.

*

Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani na viti kupangwa duara. Kinyozi alipewa kiti cha mwanafunzi. Alipoketi, magoti yalipanda mpaka masikioni, na mwanafunzi mmoja wa kiume upande wa dirishani akashindwa kujizuia.

"Panzi!"

Darasa zima likalipuka. Kinyozi naye akacheka, kwa kuwa ndivyo mtu mzima afanyavyo. Na kicheko kikiwa bado mdomoni alikitambua. Hakikutoka tumboni. Kilikaa kwenye meno tu, kama mtu aliyesimamishwa mlangoni. Alijaribu kukunjua miguu, ikagonga kiti cha jirani, wakacheka zaidi.

Mwalimu hakufoka. Alingoja watulie. "Baba, umelipenda jina hilo?"

Kinyozi alikaribia kusema kwamba haidhuru, ni utani. Ndilo neno alilozoea. Lakini ng'ambo ya duara alikaa mtoto mwenye soksi ndefu akimwangalia.

"Sikulipenda," alisema. "Nimecheka, lakini sikulipenda." Akaligeukia duara zima. "Lile jina la pikipiki mnaloliimba nililitunga mimi. Nilimpa baba wa mwenzenu kwa sababu watu walicheka, nami napenda watu wakicheka kwangu. Naye alicheka kama nilivyocheka mimi sasa hivi. Nikadhani amefurahi. Mimi ni mtu mzima na sikujua kutofautisha, basi ninyi sina la kuwalaumu. Ila nimekuja kulichukua jina langu. Lisibaki hapa."

Akatafuta meza karibu yake, hakuiona, akaweka kidole juu ya goti lake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kasuku alisimama. Wengi walitarajia sauti zake za kuigiza, lakini ilitoka sauti yake tu, ndogo, isiyofanana na ya mtu yeyote. Akasema kwamba yeye ndiye aliyelileta jina darasani, kwamba aliona miguu ya mwenzake na akaendelea, na kwamba anaomba radhi. Waliopiga mateke wakaanza kutazamana. Mmoja baada ya mwingine wakasema, wengine kwa kunong'ona. Yule wa dirishani aliuliza kama na wimbo wenyewe umekatazwa au ni maneno tu, na mwalimu akamjibu kwa uzito uleule aliojibia maswali yote.

Kisha mwenye soksi ndefu akainuka.

"Mimi…" alisema. Neno la pili likagoma. Duara zima likaingojea sauti hiyo. Mtu mmoja alikohoa. Kasuku, aliyekuwa mwepesi wa kumalizia watu sentensi kuliko wote, aliubana mdomo wake uliovimba kwa vidole viwili, machozi yakamlenga kwa maumivu, hakuuachia.

"Mimi… si pikipiki. Nikiulizwa swali… jibu ninalo. Linachelewa tu. Na kwa shangazi… sitaki kwenda."

Akatembea mpaka kwenye meza ya mwalimu, akaweka kidole.

Mwalimu alimwuliza kama yuko tayari kukaa tena na mwenzake wa dawati. Mtoto alimtazama Kasuku kwa muda mrefu.

"Jumatatu," alisema. "Kama… nitakuwepo."

Adhabu haikutolewa. Watoto wenyewe walikubaliana mambo machache: anayesoma asikilizwe kimya, jina lisiloitikiwa kwa furaha lisirudiwe, na wakati wa mapumziko wawili wawili wazunguke uwanjani kuangalia nani yuko peke yake. Kasuku aliomba zamu ya kwanza. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akaona hakuna anayelia wala anayekimbia, akaenda zake akiwa na sura ya mtu aliyenyimwa jambo asilolijua.

*

Jumamosi chumba cha mbele kilijaa. Chachu alikuwa kitini, Uwanja wa Ndege kwenye benchi akisubiri zamu yake ya kunyolewa hewa. Kinyozi alinyoa vizuri kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, na pazia la nyuma lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Mara kwa mara Kasuku alitoka nje na ufagio, akatazama njia, akarudi.

"Kinyozi leo ana nini?" aliuliza Uwanja wa Ndege. "Nimekaa hapa sijatukanwa hata mara moja. Nimekukosea?"

"Wewe jina lako unalipenda?"

"Uwanja wa Ndege? Nimeshamwambia hata mjukuu wangu. Ukiliondoa nitakushtaki."

"Basi lako libaki. Na wewe, Chachu?"

Chachu alijitazama kwenye kioo. "Mimi… kwa kweli, mke wangu halipendi," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na mimi pia."

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Niseme vipi, wembe ukiwa shingoni?"

Wakacheka wote, na safari hii Chachu alicheka kwa tumbo lake lote. Kilipotulia kicheko hicho, mlangoni alikuwa amesimama mchomeleaji, nywele zimemwotea mpaka masikioni, zimekatwa ovyo upande mmoja kwa mashine ya nyumbani. Amemshika binti yake mkono. Mtoto hakuwa na begi la safari. Ufagio ulimponyoka Kasuku, ukaanguka, na hakuna aliyejishughulisha kuuokota.

"Karibu," alisema kinyozi. "Karibu sana, ndugu…"

Akakwama.

Jina la utani lilikuwa pale pale ulimini, jepesi, limezoea kutoka. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Alikuwa amekishika kichwa cha mtu huyu kwa miaka, anajua kovu lililo nyuma ya sikio lake la kushoto na mahali ambapo nywele zake hugeuka kama maji, na hajui jina alilopewa na mama yake.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Ya nyuma yote, na hili pia. Sikuwahi kukuuliza jina lako."

Chachu akaondoka kitini bila kuambiwa, shuka likiwa bado shingoni, na mchomeleaji akaketi. Akavuta pumzi. Herufi ya kwanza ikaja, ikasimama, ikaja tena. Uwanja wa Ndege, kwa wema wake wote, alifungua mdomo kubahatisha. Kinyozi akainua kitana.

"Subiri nukta," alisema.

Wakasubiri. Cherehani ilikuwa kimya. Nje mtu alipita na mkokoteni, ukagonga mawe, ukaenda zake. Mchomeleaji hakufumba macho safari hii. Alijitazama kwenye kioo, akalisukuma jina lake taratibu kama mtu anayefungua lango zito, mpaka likafunguka lote, jina lake na la baba yake. Akaweka kidole kwenye mkono wa kiti.

Kinyozi akalitamka polepole, herufi kwa herufi, apate kuhakikisha. Mwenye soksi ndefu alimtazama baba yake, kisha akainama, akauokota ufagio na kumpa mwenziwe.

Na Kasuku, kama ilivyo desturi ya kasuku, akalirudia.